Barabara Hii ni ya Nani? Namba za Barabara Kuu Tanzania, TANROADS, TARURA na Mita 30 za Hifadhi

Kila masika swali ni lile lile. Barabara ya kijiji imekatika, kalvati limesombwa, gari la wagonjwa haliwezi kupita. Wananchi wanamwendea diwani, diwani anasema ameshapeleka taarifa, na wakati huo huo greda linaonekana likichonga barabara nyingine kilomita chache kutoka hapo. Watu wanauliza: kwa nini ile na si hii?

Mara nyingi jibu linatokana na daraja la barabara. Kisheria barabara za Tanzania Bara zimegawanywa katika madaraja, na kila daraja lina mtu wake wa kulihudumia, fungu lake la fedha na upana wake wa hifadhi. Ukijua barabara inayopita mbele ya nyumba yako ni ya daraja gani, utajua malalamiko uyapeleke wapi, ujenge umbali gani kutoka barabarani, na kama una haki ya kulipwa fidia siku ukutani kwako itakapochorwa alama ya X.

Makala haya yanaeleza mpangilio huo hatua kwa hatua. Yanahusu Tanzania Bara. Barabara si jambo la Muungano, kwa hiyo Zanzibar ina sheria na wakala wake.

Madaraja ya barabara

Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, namba 13, imeweka makundi makubwa mawili: barabara za kitaifa na barabara za wilaya.

Barabara za kitaifa ziko za aina mbili:

- Barabara kuu. Hizi huunganisha makao makuu ya mikoa, bandari kubwa na mipaka ya nchi. Namba zake huanza na herufi T.
- Barabara za mkoa. Hizi huunganisha makao makuu ya mkoa na ya wilaya, au hupeleka magari kwenye barabara kuu. Namba zake huanza na herufi R.

Barabara za wilaya ziko za aina tatu vijijini, mbali na mitaa ya mijini:

- Barabara za mkusanyo, zinazounganisha makao makuu ya wilaya na vituo vya kata au maeneo muhimu ya wilaya.
- Barabara za mlisho, zinazotoka vijijini kwenda kwenye barabara kubwa zaidi.
- Barabara za jamii, zilizo ndani ya kijiji au kati ya kitongoji na kitongoji.

Barabara za kitaifa ziko chini ya Wakala wa Barabara Tanzania, TANROADS, ulioanza kazi mwezi Julai mwaka 2000 na ambao uko chini ya wizara yenye dhamana ya ujenzi. Barabara za wilaya ziko chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ulioanza mwezi Julai mwaka 2017 chini ya Ofisi ya Rais, TAMISEMI. Kabla ya hapo barabara za wilaya zilikuwa mikononi mwa halmashauri zenyewe.

TANROADS inasimamia zaidi ya kilomita 36,000. TARURA inasimamia takriban kilomita 144,000, karibu mara nne ya hizo. Na nyingi kati ya barabara za TARURA ni za udongo au changarawe, ambazo mvua moja kubwa inaweza kuzikata.

Namba za T zinasemaje?

Kwenye barabara kuu, vibao na nguzo za kilomita husaidia kujua uko barabara gani na umebakiza umbali gani. Namba zenyewe hazifuati dira. Kuna nchi ambako namba shufwa ni barabara za mashariki kwenda magharibi na namba witiri ni za kaskazini kwenda kusini. Marekani, kwa mfano, barabara zake kuu zinazovuka majimbo hufuata utaratibu huo. Hapa kwetu sivyo. Namba ni jina la njia tu, na njia moja huzaa nyingine kwenye njia panda.

Hizi ndizo njia kubwa zinazobeba namba ndogo:

T1 hutoka Dar es Salaam kupitia Chalinze, Morogoro, Mikumi, Iringa, Makambako na Mbeya hadi Tunduma, mpakani mwa Zambia. Ina urefu wa zaidi ya kilomita 900. Wengi huiita barabara ya TANZAM.

T2 huanzia njia panda ya Chalinze, hupanda kaskazini kupitia Segera, Korogwe, Same, Moshi na Arusha hadi Namanga, mpakani mwa Kenya.

T3 huanzia Morogoro kwenda Dodoma, Manyoni, Singida, Igunga, Nzega, Kahama na Lusahunga hadi Rusumo, mpakani mwa Rwanda. Ukielekea Burundi unaiacha T3 kabla ya kufika Rusumo na kushika njia ya Kabanga.

T4 huzunguka Ziwa Victoria upande wetu. Hutoka Sirari, mpakani mwa Kenya, kupitia Musoma, Mwanza, Geita, Biharamulo na Bukoba hadi Mutukula, mpakani mwa Uganda.

T5 huunganisha Iringa, Dodoma, Babati na Arusha, katikati ya nchi.

T6 hutoka Makambako kupitia Njombe, Songea, Tunduru na Masasi hadi Mingoyo, karibu na pwani ya kusini.

T7 ni njia ya pwani kutoka Dar es Salaam kupitia Kibiti na Lindi kuelekea Mtwara.

T8 hutoka Mwanza kupitia Shinyanga, Nzega, Tabora na Chunya hadi Mbeya.

T9 hufuata upande wa magharibi: Tunduma, Sumbawanga, Mpanda, Kasulu, Kibondo na Nyakanazi hadi Biharamulo.

Ziko na nyingine zenye namba kubwa zaidi, kama T13 ya Segera kwenda Tanga na Horohoro, na T18 ya Manyoni kwenda Tabora na Kigoma.

Angalia mchoro wa njia hizi utaona jambo moja. T1, T2, T3, T4 na T9 zote zinafika kwenye mpaka au karibu na mpaka. Tanzania imepakana na nchi nane, na kadhaa kati yake hazina bahari. Zambia, Malawi, Rwanda, Burundi na Congo hupitisha sehemu ya mizigo yao Dar es Salaam. Ndiyo maana barabara kuu hupewa kipaumbele cha lami: zinabeba uchumi wa nchi yetu na wa majirani.

Barabara zilizobadilisha maisha

T1 ilijengwa kwa lami kwa sababu ya siasa za kusini mwa Afrika. Mwezi Novemba mwaka 1965 serikali ya walowezi wa Rhodesia ilijitangazia uhuru. Zambia, iliyokuwa ikipitisha mafuta na shaba yake huko kusini, ililazimika kutafuta njia nyingine. Malori yakaanza kubeba mafuta kutoka Dar es Salaam kwenye barabara ya vumbi na tope, na ajali zikawa nyingi. Lami ya TANZAM ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, na reli ya TAZARA ikafuata. Mpaka leo malori mengi unayoyaona yakipanda mlima Kitonga kwa mwendo wa kinyonga yanaelekea Tunduma.

T7 ilikuwa hadithi ya kivuko. Watu wa Lindi na Mtwara walikuwa wakikwama Rufiji, wakati mwingine kwa siku kadhaa mto ukifurika. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu mita 970, lilifunguliwa mwaka 2003.

T2 ilikuwa na daraja jembamba la Wami, kati ya Chalinze na Segera, ambako gari la upande mmoja lilisubiri la upande wa pili lipite. Daraja jipya lilianza kutumika mwaka 2022.

Dodoma hadi Babati kwenye T5 ilikuwa njia ya vumbi ambayo mabasi mengi yaliikwepa. Lami yake ilizinduliwa mwaka 2018. Tangu hapo gari linaweza kutoka Namanga hadi Tunduma kwa lami tupu kupitia Arusha, Babati, Dodoma, Iringa na Mbeya. Njia hiyo ni sehemu ya barabara kuu ya Afrika inayokusudiwa kuunganisha Cairo na Cape Town.

Kwenye T4, wasafiri wa Mwanza na Geita walikuwa wakisubiri kivuko Kigongo na Busisi. Mwezi Juni mwaka 2025 lilifunguliwa daraja la urefu wa takriban kilomita 3 juu ya ziwa. Mgonjwa anayepelekwa Bugando kutoka Sengerema hasubiri tena pantoni.

Ukivuka mpaka namba hubadilika

Kila nchi ina namba zake. T2 ikivuka Namanga inaingia Kenya na kuwa A2, inayokwenda Nairobi na kuendelea hadi Moyale, mpakani mwa Ethiopia. Zamani sehemu hiyo ya Kenya iliitwa A104. Kenya ilipopanga upya madaraja ya barabara zake mwaka 2016, namba nyingi zilibadilika: njia ya Mombasa, Nairobi na Malaba sasa ni A8. Kwa hiyo ukiwa na ramani ya zamani, au ukielekezwa na dereva wa siku nyingi, usishangae mkitaja namba tofauti kwa barabara ile ile.

Hifadhi ya barabara: mita 22.5 na mita 30

Hapa ndipo daraja la barabara linapogusa nyumba na shamba.

Hifadhi ya barabara ni ardhi iliyotengwa kila upande kwa ajili ya barabara yenyewe, mitaro, njia za waenda kwa miguu na upanuzi wa baadaye. Hupimwa kutoka katikati ya barabara, si kutoka ukingo wa lami.

Chini ya sheria ya zamani, hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ilikuwa mita 22.5 kila upande, yaani mita 45 kwa jumla. Sheria ya mwaka 2007 na kanuni zake za mwaka 2009 ziliongeza hadi mita 30 kila upande, yaani mita 60 kwa jumla. Mita 30 ni kama hatua 40 za mtu mzima.

Tofauti hiyo ya mita 7.5 ndiyo imezaa maswali mengi ya fidia. Kanuni inayotumika ni hii:

- Aliyejenga ndani ya mita 22.5 anahesabiwa kuwa alivamia hifadhi. Huondolewa bila fidia. Alama yake ni X nyekundu.
- Aliyekuwa na nyumba au mali kati ya mita 22.5 na mita 30 kabla ya sheria mpya hakuvamia. Sheria ndiyo iliyomfuata. Ardhi hiyo ikihitajika anastahili fidia. Alama yake ni X ya kijani.
- Aliyejenga kati ya mita 22.5 na mita 30 baada ya sheria mpya kuanza kutumika hana dai la namna hiyo.

Kwa sababu hiyo ushahidi wa tarehe ni muhimu. Hati ya kimila, mkataba wa mauziano uliosainiwa mbele ya serikali ya kijiji, muhtasari wa mkutano uliogawa ardhi, risiti ya zamani ya umeme au maji: vyote husaidia kuonyesha ulikuwa hapo tangu lini. Weka nakala mahali pengine, mbali na nyumba yenyewe.

Yako maeneo ambako hifadhi ni pana kuliko mita 30. Mfano unaojulikana zaidi ni Barabara ya Morogoro, T1, inapotoka Dar es Salaam kwenda Kibaha. Huko baadhi ya maeneo hifadhi imehesabiwa kuwa mita 121.5 kila upande. Mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilibomolewa kwa msingi huo, zikiwemo za watu walioishi hapo miaka mingi na waliokuwa wameunganishiwa umeme na maji. Kuwa na mita ya umeme ukutani hakuthibitishi kwamba uko nje ya hifadhi. Kulipa kodi ya jengo pia hakuthibitishi.

Barabara za wilaya zina hifadhi nyembamba zaidi, na upana wake hutegemea aina ya barabara. Kabla ya kuchimba msingi, muulize meneja wa TARURA wa wilaya yako, na uombe jibu kwa maandishi. Kwa barabara ya T au R, jibu linatoka ofisi ya TANROADS ya mkoa. Penye vigingi vya hifadhi pembeni mwa barabara, vifuate hivyo. Anayeng'oa kigingi anajitafutia kesi.

Hifadhi haihusu nyumba peke yake. Kibanda cha biashara, bomba la mradi wa maji wa kijiji, nguzo au bango, vyote vinahitaji kibali cha mwenye barabara. Kamati nyingi za maji za vijiji hulaza bomba kando ya barabara kwa sababu ndiko kuna nafasi. Barabara ikipanuliwa, aliyelaza bomba ndani ya hifadhi bila kibali hujikuta akibeba mwenyewe gharama ya kulihamisha.

Kupandishwa hadhi: furaha na tahadhari

Vikao vya madiwani huomba mara kwa mara barabara fulani ya wilaya ipandishwe hadhi iwe ya mkoa. Sababu inaeleweka. Barabara ya mkoa inahudumiwa na TANROADS, na kwa kawaida hupata matengenezo makubwa na nafasi nzuri zaidi ya lami.

Ombi hupita kwenye Bodi ya Barabara ya Mkoa, ambayo mwenyekiti wake ni Mkuu wa Mkoa, kisha hufika kwa waziri mwenye dhamana ya barabara. Barabara hupimwa kwa vigezo: inaunganisha nini na nini, magari yanayopita, na umuhimu wake kwa uchumi na usalama. Ombi lisiloonyesha hayo hukaa mezani.

Jambo ambalo mara nyingi halisemwi mkutanoni ni kwamba hadhi ikipanda, hifadhi nayo inapanuka hadi mita 30 kila upande. Nyumba, kanisa, msikiti, makaburi na migomba iliyokuwa nje ya hifadhi jana, leo iko ndani. Waliokuwapo kihalali kabla ya hadhi kupandishwa wana hoja ya kudai fidia ardhi yao itakapotwaliwa, lakini malipo huweza kusubiri mpaka mradi wa ujenzi upate fedha. Kwa hiyo kijiji kinapoomba hadhi, ni busara siku hiyo hiyo kiandike orodha ya nani ana nini kando ya barabara, iingizwe kwenye muhtasari wa mkutano na kusainiwa. Na ni busara kuacha kuruhusu majengo mapya ndani ya mita 30 wakati ombi linasubiri.

Ukithaminishwa, jua haya

Mthamini akija, hatafuti ukubwa wa nyumba tu. Kwa mujibu wa sheria za ardhi, fidia kamili huhusisha thamani ya ardhi, thamani ya majengo na mazao ya kudumu, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi na, kwa mwenye biashara, faida anayopoteza. Posho ya makazi hukokotolewa kwa kodi ya pango ya miezi 36.

Hakikisha uko mwenyewe siku ya kuhesabu, pamoja na kiongozi wa kijiji au mtaa. Hesabu miti na mazao yako kabla hajafika. Soma fomu kabla ya kusaini, na omba nakala. Kama ardhi ni ya familia au ya mume na mke, majina yote yaandikwe. Ugomvi mwingi wa fidia ndani ya familia huanza pale jina moja tu linapoonekana kwenye fomu.

Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 imeweka muda. Fidia inatakiwa kulipwa mapema. Ikipita miezi sita tangu uthamini kuidhinishwa bila malipo, fidia huanza kudaiwa pamoja na riba. Uthamini hudumu miaka miwili. Ikipita bila malipo, uthamini unatakiwa kufanywa upya kwa bei za wakati huo. Kwa hiyo andika tarehe. Mwananchi asiyejua tarehe ya kuidhinishwa kwa uthamini wake hawezi kudai riba.

Fedha za matengenezo hutoka wapi?

Ukinunua lita ya petroli au dizeli, sehemu ya bei ni tozo ya barabara. Tozo hiyo huingia kwenye Mfuko wa Barabara, ulioanzishwa mwaka 1998. Mwenye bodaboda wa kijijini huchangia kila anapojaza tangi, hata kama hajawahi kukanyaga lami.

Kwa miaka mingi mgawanyo ulijulikana kuwa asilimia 70 kwa barabara za kitaifa na asilimia 30 kwa barabara za wilaya. Malalamiko ya vijijini yalikuwa kwamba mtandao mkubwa unapata kidogo. Katika bajeti ya mwaka 2021/22 serikali iliongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara zinazosimamiwa na TARURA.

Hata hivyo, TARURA hupanga bajeti kwa barabara zilizomo kwenye orodha yake rasmi. Njia iliyochongwa kwa nguvu za wananchi, hata ikipitisha magari kila siku, haipati fungu kama haijatambuliwa. Mtandao wa TARURA ulikuwa wa takriban kilomita 108,900, ukaongezeka hadi 144,400 baada ya barabara nyingine kutambuliwa na kuingizwa. Kijiji chenye barabara iliyoachwa nje kinatakiwa kuipeleka kupitia mkutano wa kijiji, kata na halmashauri ili iingizwe kwenye orodha. Swali la kwanza kwa meneja wa TARURA basi liwe hili: barabara yetu imo?

Kwa nini barabara inaharibika upesi?

Adui wa kwanza ni maji. Barabara ya udongo iliyochongwa vizuri huwa na mgongo katikati ili maji yatiririke pembeni kwenye mitaro. Mtaro ukizibwa na mkulima anayetaka kupitisha trekta, au na takataka, maji hurudi barabarani na kuikata. Kufungua mtaro kwa jembe kabla ya masika huokoa kazi ambayo baadaye itahitaji greda.

Adui wa pili ni uzito. Madhara ya ekseli hayapandi sawa na uzito wake. Wahandisi hukadiria kwamba ekseli ikibeba mara mbili, madhara kwa barabara hufika karibu mara kumi na sita. Ndiyo sababu barabara kuu zina mizani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 kuhusu uzito wa magari, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019, inaruhusu jumla isiyozidi tani 56 kwa gari kubwa zaidi, huku ekseli ya mbele ikiruhusiwa tani 8.

Barabara za TARURA hazikujengwa kubeba mizigo ya namna hiyo. Kikomo chake cha kawaida ni tani 10, na vibao huwekwa kueleza. Lori la mchanga, magogo au mawe likipita na tani 30 wakati wa mvua linaweza kuua kazi ya mwaka mzima kwa wiki moja. Serikali ya kijiji inayoona malori hayo ina haki ya kuandika namba zake na kutoa taarifa TARURA na polisi.

Barabara kuu ikipita kijijini

Lami inaleta wateja na pia inaleta mwendo kasi. Ndani ya makazi, kibao cha 50 kinamaanisha gari lisizidi kilomita 50 kwa saa. Nje ya makazi, mabasi na malori yenye uzito wa zaidi ya tani 3.5 hayaruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa. Kama shule ya kijiji iko kando ya T au R na hakuna kibao, kivuko cha watoto wala tuta, barua ya mkuu wa shule na serikali ya kijiji iende TANROADS mkoa, na nakala kwa kamanda wa usalama barabarani. Wananchi wasijenge tuta wenyewe. Tuta lisilo na alama huua mwendesha bodaboda usiku.

Wafugaji wavushe mifugo mchana, mahali penye vibao vya mifugo, mtu mmoja akiwa mbele na mwingine nyuma. Kwenye T1 ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, ambako barabara inapita porini kwa karibu kilomita 50, wanaovuka ni wanyamapori, na dereva anayegonga mnyama hutozwa faini kulingana na aina ya mnyama.

Namna ya kutoa taarifa ikasikika

Taarifa ya "barabara yetu mbovu" haimsaidii mhandisi. Andika mambo matano:

1. Jina la barabara, inaanzia wapi na inaishia wapi. Kama ni ya T au R, taja namba.
2. Mahali penyewe palipoharibika: kilomita ngapi kutoka njia panda, au jina la mto, shule au zahanati iliyo karibu.
3. Kilichotokea: kalvati limezama, daraja limeondoka, tope limezuia magari.
4. Nani ameathirika: wanafunzi wangapi, zahanati ipi, mazao gani yamekwama.
5. Tarehe, jina na namba ya simu ya kiongozi anayeweza kumwonyesha mhandisi eneo.

Piga picha kwa simu, mtu au jembe likionekana kwenye picha ili kina cha shimo kijulikane. Kwa barabara ya T au R, peleka kwa Meneja wa TANROADS wa mkoa. Kwa barabara nyingine, peleka kwa Meneja wa TARURA wa wilaya. Nakala apewe mtendaji wa kata na diwani. Omba barua yako igongwe muhuri wa kupokelewa, na ubaki na nakala.

Sehemu korofi moja, kama kalvati la mita mbili, ni rahisi kupata fedha kuliko ombi la kutengeneza kilomita 20. Anza na pale gari linapokwama. Na uwahi: bajeti hupangwa miezi mingi kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai. Barua inayofika wakati wa masika inaomba fedha za dharura, ambazo huwa chache. Barua ya mwezi wa Oktoba au Novemba inaikuta mipango ya mwaka ujao ikiwa bado mezani.